Paa la Peugeot ya Marehemu

Sehemu ya tisa

Mlango wa stoo ulikuwa wazi, na kitambaa hakikuwepo.

Mliomwacha Alida wiki jana amesimama pale na kufuli mkononi, mjue hakusimama sana. Alitazama rafu ya juu, akatazama ya chini, akainama hata nyuma ya matairi mabovu. Furushi lililosafiri wiki sita kutoka Ulaya, lililomfanya apige simu posta mpaka wakaizoea sauti yake, lilikuwa limebaki boksi tupu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, ukoo mzima ungekutana kuganduka, yaani kufunga mwaka wa matanga ya baba yake, Léonce. Siku hiyo ndipo vitu vya marehemu hupata mwenyewe. Na shauri la ile Peugeot kuukuu, gari la kufunuka ambalo Léonce alilileta kutoka Bujumbura na kufa bila kumaliza kulifufua, lilikuwa limeshakatwa mbele ya wazee.

Alida alitengeneze mpaka mwisho. Paa lake la kitambaa lifunguke na kufungwa mbele ya watu wote. Kisha limwagiwe jerekani la maji, na lisiingie hata tone. Hapo gari ni lake. Likivuja, au likikosa paa, linauzwa kwa bwana mmoja wa Kimihurura aitwaye Kamanzi.

Mwaka mzima Alida alikuwa amekwangua kutu. Injini iliwaka. Rangi ya maziwa iling'aa. Kilibaki kitu kimoja tu, paa.

"Shangazi," aliita. "Shangazi Béatha, kuna mtu ameingia stoo?"

"Mimi," sauti ilijibu kutoka uani. "Njoo uone. Nimekupunguzia kazi."

Alida alitoka mbio, akasimama ghafla.

Kitambaa kilikuwa kwenye kamba ya nguo. Maji yalikuwa yakidondoka tipu, tipu, tipu. Chini yake kulikuwa na beseni kubwa lililokuwa bado likitoa mvuke, na kando ya beseni pakiti ya chumvi imefunguliwa.

"Umefanya nini, Shangazi?"

"Nimekiloweka," alisema Béatha, akijifuta mikono kwenye kitenge alichojifunga kiunoni. Alikuwa dada wa marehemu, mama wa miaka sitini na nne, na uso wake uling'aa kwa furaha ya kutoa msaada. "Si wewe uliyesema juzi kwamba kikinywea baada ya kushonwa kazi yote imekufa? Nikasema, heri kinywee sasa. Maji ya moto na chumvi viganja viwili, tangu alfajiri. Hivyo ndivyo tulivyofanya vitenge tangu Bujumbura. Hakuna changu hata kimoja kilichowahi kuchuja."

Msomaji, usimcheke. Nyamirambo, wanakoishi jijini Kigali, ni mtaa wa cherehani. Hapo kitambaa kipya kikikatwa kabla ya kuonja maji, fundi ndiye anayelaumiwa. Béatha alikuwa amefanya ambacho mwanamke yeyote mwenye akili wa mtaa ule angefanya.

Ila hiki hakikuwa kitenge.

Kitambaa cha paa la gari kina tabaka tatu. Juu kuna uzi mgumu, chini kuna pamba, na katikati kuna utando mwembamba wa mpira unaozuia maji. Maji ya moto yalikuwa yameuachanisha ule mpira. Kitambaa kizima kilikuwa kimetoa malengelenge, makubwa kama mayai, kuanzia pindo hili mpaka pindo lile. Alida alibonyeza moja. Likazama, kisha likainuka tena polepole.

"Hayo yatatulia kikikauka," alisema Béatha. "Halafu tutakipiga pasi."

"Usikiguse na pasi, Shangazi. Tafadhali."

"Mbona sauti imebadilika? Nimeharibu?"

Alida alimtazama. Vidole vya shangazi yake vilikuwa vimekunjamana kwa kukaa majini saa tatu.

"Hujaharibu," alisema. "Asante kwa kunisaidia."

Kisha akazunguka nyuma ya gari, akachuchumaa mahali pasipoonekana, akaung'ata mkono wake mwenyewe mpaka alama za meno zikabaki.

*

Saa tatu asubuhi Muhire alifika. Huyu ndiye fundi anayeshona viti vya mabasi mtaa wa chini, na ndiye aliyekubali kushona paa. Alikizunguka kitambaa mara moja tu.

"Hii kitu imekufa, dada," alisema. "Haina hata mtu wa kuizika."

"Tunafanyaje?"

"Nikipata kitambaa ingine leo mbere ya saa nane, nashona leo, nashona kesho, kesho jioni gali iko na kofia yake. Ikipita saa nane, usinitafute. Jumamosi asubui mimi iko kwa umuganda kama watu wote."

Saa nne na dakika kumi Muhire alikuwa amerudi na pikipiki imejaa vipande. Alivipanga juu ya boneti.

Cha kwanza kilikuwa turubai la lori, la kijani, zito. Alida alilikunja kama linavyokunjwa paa likiteremshwa, akalikandamiza kwa goti. Likafanya mstari mweupe. Akalikunja mara ya pili palepale, mstari ukapasuka.

"Hili likishuka mara tano limekuwa chujio," alisema.

"Basi usiteremshe."

"Sharti linasema lifunguke na lifungwe, Muhire."

Cha pili kilikuwa ngozi bandia nyeusi ya viti vya basi. Ilikunjika vizuri. Moyo wa Alida ulianza kutulia. Akaivuta kwa mikono miwili kuona kama itakaza juu ya mbavu za chuma za paa, nayo ikavutika, ikaendelea kuvutika, ikabaki imelegea kama shavu la mzee asiye na meno.

"Iko na tabia mbaya hii," Muhire alikiri. "Kwa kiti haionekani, sababu mtu anaikalia."

Cha tatu kilikuwa cheupe, kitambaa cha mahema ya harusi. Alida alimimina kikombe cha maji juu yake. Maji yalikaa. Wote wawili waliinama kutazama, vichwa vikikaribia kugongana. Dakika moja. Mbili. Kisha upande wa chini doa dogo likatokea, likaongezeka, likaanza kudondoka juu ya kiatu cha Muhire.

"Mahema yanainamishwa, maji yanakimbia," alisema Muhire, akikung'uta mguu. "Na pia, dada, na nyeupe hii gali ingefanana bibi harusi. Nani angeiendesha bila kumuomba baba yake ruhusa?"

Alida alicheka bila kupenda.

"Mnacheka nini?"

Alikuwa Cyriaque, kaka mkubwa wa marehemu, baba mkubwa wa Alida. Aliingia uani na koti lake la kijivu, viatu vimepigwa rangi, kama mtu anayekwenda ofisini ingawa alistaafu zamani. Alitazama kitambaa chenye malengelenge. Akatazama vipande juu ya boneti. Hakuuliza chochote, na hilo lilimuudhi Alida kuliko swali lolote.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Fundi, hebu tundika hilo la lori tuone." Muhire hakusogea, naye Cyriaque akatabasamu. "Au mnaogopa watu watasimamisha gari la Léonce kuuliza bei ya viazi?"

"Likikunjwa linapasuka," alisema Alida.

"Basi nalo limeshindwa. Mwanangu, sikiliza. Umejitahidi, kila mtu ameona. Hata baba yako lilimshinda, na alikuwa mwanaume mwenye subira. Kamanzi ni mtu mwema. Hajaliona gari lenyewe hata siku moja, lakini anangoja simu yangu tu."

"Leo ni Alhamisi, Baba Mkubwa."

"Najua siku za wiki."

"Basi simu yako ingoje Jumamosi."

Alisema hayo akitazama chini, kwa sauti ndogo, lakini aliyasema. Cyriaque alinyoosha kola ya koti lake na kuondoka bila kuaga.

Muhire alingoja mlango ufungwe. "Sha, Alida. Wewe iko na ulimi. Nilifikiri iko na macho peke yake."

"Nisaidie kufikiri, Muhire. Nani mwingine Kigali anashona kitu kinachokunjwa kila siku, kinapigwa na jua, na hakivuji?"

Muhire alikuna kidevu. Akakuna kichwa. Kisha mkono wake ukabaki hewani.

"Vivuli," alisema. "Vile vivuli vya mbere ya hoteli. Asubui wanafungua, jioni wanakunja. Kuna mama mmoja iko Kicukiro, njia ya kwenda Busanza, anashona hizo tu. Phiona."

*

Saa tano na nusu Alida alikuwa nyuma ya moto, yaani pikipiki ya kukodi, kofia ya abiria ikimlegea kichwani. Moto ilifika karibu na Kimihurura, askari akainua mkono. Barabara ilikuwa imefungwa, wageni wa mkutano wanapita. Wakageuka. Njia ya pili ilikuwa inachimbwa. Dereva akaingia ya tatu, akakutana na foleni ya wote waliogeuzwa kwenye zile mbili.

Alida alihesabu magari meusi ya wageni mpaka kumi na saba, kisha akaacha, maana kila moja lilimkumbusha kwamba lina paa.

Saa saba kasoro robo alifika. Karakana ya Phiona ilikuwa banda refu lenye meza ndefu kuliko basi. Phiona mwenyewe, mwanamke mnene mwenye miwani juu ya paji la uso, alikulia Kampala na alikuwa na huruma ya haraka.

"Bambi, umelowa jasho. Kaa kwanza. Unataka nini?"

Alida alimweleza yote kwa pumzi moja. Beseni, chumvi, malengelenge, lori, basi, harusi, saa nane.

Phiona alisikiliza mpaka mwisho. Akaingia nyuma, akarudi amekumbatia roli moja la kitambaa, akalilaza mezani na kulifunua kiasi cha mkono mmoja.

Alida alisogea karibu.

Kilikuwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa, rangi ileile ambayo baba yake alizoea kusema gari lilikuwa nayo lilipokuwa jipya. Alikikunja, hakikufanya mstari. Alikivuta, hakikulegea. Phiona mwenyewe alimimina maji kutoka kwenye birika, nayo yakatembea juu ya kitambaa kama shanga na kuangukia sakafuni. Upande wa chini ulikuwa mkavu.

"Hiki," alisema Alida. "Dada Phiona, ni hiki."

"Nakuonyesha ili ujue kipo duniani," alisema Phiona taratibu. "Lakini siwezi kukupa. Kina mwenyewe."

"Nani?"

"Mteja mmoja wa zamani. Nilikitoa Kampala kwa ajili yake, mwaka sasa umepita. Hajaja kukichukua."

"Mwaka mzima? Basi amekisahau."

"Hajakisahau. Kila nikimpigia ananijibu neno moja. 'Bado, gari halijawa tayari.'"

Alida aliinua macho. "Gari?"

"Si kivuli cha hoteli. Ni paa la gari, kama lako. Lete vipimo vyako nivione, nitakutafutia kingine kwa wenzangu."

Alida alimpa karatasi yake. Phiona aliteremsha miwani, akasoma, akatikisa kichwa.

"Nyuma umeandika sentimita mia moja arobaini na saba. Ulipima nini?"

"Turubai la zamani. Nililitandaza chini."

"Ndiyo kosa. Turubai la miaka mingi hunywea. Ungeshona hivi, lisingefika hata kwenye komeo. Unapima mbavu za chuma, hupimi kitambaa kizee. Mteja wangu yule, au aliyemwandikia, alijua kazi." Alivuta droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Ona. Ameandika hata onyo."

Alida aliitandaza juu ya meza.

*Nyuma sm 152. Si 147 kama turubai la zamani. Pima mbavu.*

Hakuyasoma maneno mara ya pili. Alikuwa akitazama ile saba, yenye mstari katikati, na mkia wake uliopinda kushoto. Alikuwa ameiona saba hiyo kwenye madaftari yake ya shule, kwenye kalenda ya jikoni, kwenye cheti cha hospitali.

Ulikuwa mwandiko wa baba yake.

Juu ya karatasi kulikuwa na tarehe, wiki mbili kabla hajafariki. Chini ya tarehe, mistari miwili.

*Gari: Peugeot ya kufunuka.*

*Mwenye gari: Kamanzi.*

Meza ndefu ilionekana kuinama. Alida alishika ukingo wake. Mwaka mzima wa kutu chini ya kucha. Mwaka mzima wa kumwambia kila mtu, baba aliniachia kazi niimalize. Na baba, kwa mkono wake, alikuwa ameshaandika jina la mtu mwingine.

"Dada," Phiona aliita. "Una nini?"

"Huyu ni baba yangu aliyeandika."

Phiona alivua miwani kabisa.

Ilikuwa saa saba na nusu. Kitambaa kilikuwa mbele yake, vipimo sahihi vilikuwa mbele yake, mkasi ulikuwa mbele yake. Angeweza kusema mwenye gari amemtuma. Nani angemuuliza? Phiona alikuwa tayari ameanza kulia kwa niaba yake.

"Mpigie," alisema Alida. "Mwambie binti wa Léonce yuko hapa, ameshika kitambaa chake."

Simu iliita mara mbili. Phiona aliiweka mezani, sauti nje.

"Phiona," ilisema sauti nzito ya mzee. "Bado, gari halijawa tayari."

"Mzee Kamanzi, binti yake Léonce yuko hapa."

"Alida?" aliuliza mzee.

Alida hakuwahi kuongea na mtu huyu maishani mwake. "Ndiyo, mzee. Naona karatasi ya baba. Imeandikwa wewe ndiye mwenye gari. Alikuuzia?"

"Hapana, mwanangu. Aliniomba jina langu tu. Hakutaka kitambaa kikifika kipokelewe na mtu wa nyumbani kwenu. Alisema, siku gari litakapokuwa limebakiza paa tu, mwambie Alida kitambaa kiko wapi. Nikaja msibani nikuambie. Baba yako mkubwa alinipokea mlangoni, akasema huna nguvu ya kuongea na wageni, atakufikishia yeye, nami nikamwachia ujumbe wote."

"Hakunifikishia."

"Nimeanza kulijua hilo. Kila mwezi ananipigia nilinunue gari. Kila mwezi namjibu sinunui."

"Lakini yeye anasema unangoja simu yake." Safari hii Alida alipaza sauti. "Anasema hujawahi hata kuliona."

"Nimeliona. Nilisimama kando yake siku baba yako alipopima zile mbavu. Léonce aliandika, na Cyriaque ndiye aliyemshikia ncha ya pili ya futi."

Phiona alijishika mdomo.

Basi Cyriaque alijua. Alijua kitambaa kipo, alijua kipo wapi, alijua hata upana wake. Na alimtazama Alida wiki sita akisumbuka na posta, na asubuhi hii akatazama malengelenge bila kuuliza neno.

"Kitambaa ni chako," alisema Kamanzi. "Phiona, mkatie. Fuata vipimo vya marehemu."

Phiona hakungoja kuambiwa mara mbili. Alitandaza kitambaa, akachora kwa chaki, akaingiza mkasi. Mlio wake wa krii, krii ulikuwa mtamu masikioni mwa Alida kuliko kinanda cha kanisani. Saa nane kasoro ishirini. Akipata moto yenye dereva jasiri, atawahi.

Ndipo simu yake mwenyewe ikaita, akaipokea sauti nje, mikono ikiwa imeshika kitambaa. Muhire.

"Ninacho," alisema Alida kabla ya salamu. "Muhire, washa cherehani, ninacho."

"Dada, wacha cherehani." Muhire alikuwa anahema, na nyuma yake Shangazi Béatha alikuwa akigombana na mtu. "Baba yako mkubwa iko hapa na lori ya kubeba gali. Wanaume wane. Wameshatoa geti. Nimekaa ndani ya gali, nimeshika usukani, lakini wananiinua pamoja nayo."

"Anasema nini?"

"Anasema mwenye gali ametuma wachukue. Anasema ni amri ya Kamanzi."

Mkasi wa Phiona ulisimama katikati ya kitambaa. Juu ya meza, simu ya kwanza ilikuwa bado imefunguliwa, na mzee aliyekuwa upande wa pili alikuwa amesikia kila neno.

"Mimi," alisema Kamanzi polepole, "sijatuma lori."